Mgomba wa Nyuma ya Bafu

Mzee Dwomoh alikuwa na desturi ya kuusalimu mgomba wake kila asubuhi kabla hajamsalimu binadamu yeyote. Jumanne ile alipofika nyuma ya bafu, mswaki mdomoni, taulo begani, aliukuta mkungu umefungwa kitambaa chekundu, mafundo mawili ya nguvu.

Akatema povu. "Nani kaufunga mkungu wangu?"

Bafu la nyumba ile lilikuwa mabati manne yaliyopigiliwa kwenye vijiti, bila paa. Ndani yake mlikuwa na mtu akijimwagia maji. Maji yakakatika.

"Mimi," ikajibu sauti ya Nana Frema, mwenye nyumba. "Na usiteme hapo. Unatemea mali yangu."

"Mali yako, Nana?"

"Ardhi hiyo ya nani, Dwomoh?"

"Ardhi ni yako. Lakini mche nimeuleta mimi. Nimeubeba begani kutoka Mampong, kondakta akanitoza nauli yake kama abiria."

"Sasa mtu akija na yai lake akaliweka chini ya kuku wangu, kifaranga ni cha nani?"

Mzee Dwomoh akafikiri. "Cha mwenye yai, Nana."

Ndani ya bafu ndoo ikainuliwa, maji ya mwisho yakamwagwa. Kisha: "Ngoja nijifute, nitakujibu."

Jibu hakulipata, maana Pokuaa, muuza uji wa chumba cha tatu, alikuwa akikoroga sufuria lake uani na masikio yake hayakuwa na kazi nyingine. Alikuja na mwiko mkononi. "Mmetaja ardhi, mmetaja mche," alisema. "Maji je?"

"Maji gani tena?"

"Mzee wangu, mvua haijanyesha mtaa huu wa Tafo tangu Novemba. Mgomba huo umekuwa ukinywa nini? Unakunywa maji yetu ya kuogea! Mimi na wanangu watano tunaoga asubuhi na jioni. Ukiukata mkungu huo leo utasikia harufu ya sabuni yangu."

Kwa miezi kumi na minne hakuna aliyedai chochote. Mche ulipokuwa majani mawili, Pokuaa huyu huyu alimwita Mzee Dwomoh mkulima wa povu, na Nana Frema aliwahi kumuuliza kama ameshindwa kustaafu kama watu wengine. Alikuwa amesoma mita za maji za mji wa Kumasi kwa miaka thelathini na mmoja, akikimbizwa na mbwa wa kila aina, na alipopewa mkono wa kwaheri hakujua la kufanya na asubuhi zake. Mgomba ulimpa la kufanya. Aliumwagia majivu ya jikoni, akaung'oa majani makavu, akaupunguzia machipukizi ili asibaki ila mama na binti mmoja. Mgomba nao haukumwangusha. Sasa ulikuwa umebeba mkungu wa ndizi mzuzu wenye chana tisa, kila dole nene kama mkono wa mwanamieleka, na uzito wake ulikuwa umeulaza upande wa bafu hata Mzee akautafutia gongo lenye panda, akauegemeza.

Na mkungu ule alikuwa na kazi nao. Hilo hakumwambia mtu.

*

"Nani alikutuma useme vile?" mkewe Afrakoma alimuuliza jioni, chumbani, mlango umefungwa.

"Mjomba wa mchumba aliniuliza kwenye simu kama huku mjini tunapata ndizi nzuri."

"Si ungesema ndiyo?"

"Nilisema ndiyo."

"Ulisema, 'Bwana Nimako, hapa kwangu hatununui ndizi, tunakata.' Nilikuwa nimekaa hapa hapa nakusikia."

"Hiyo si ndiyo tu, ila ndefu?"

Binti yao Birago, aliyekuwa akishona sare za shule kwenye mashine pembeni, aliacha kukanyaga pedali. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na Jumamosi ile watu wa Kusi, kijana aliyempenda, walikuwa wanakuja kutoka Goaso kubisha hodi rasmi, kumposa, na chupa yao ya kinywaji, kama inavyotakiwa. Watu wa Goaso ni wakulima. Kwao mkungu wa ndizi ni kitu cha kuegemea ukiwa umechoka.

"Baba, waambie tu tutanunua," alisema.

"Kwa bei hii ya kiangazi? Mkungu mmoja sokoni unakwenda sawa na kuku wawili. Na pensheni yangu mwezi huu bado inatembea kwa miguu." Akapiga goti lake kofi. "Tutawatwangia fufu ya ndizi yetu na muhogo. Mkungu ni wangu. Nitazungumza na Nana kistaarabu."

"Na akikataa?" aliuliza Afrakoma.

"Hawezi kukataa. Ni mtu mzima."

Afrakoma alimtazama mumewe kama mtu anayetazama paa linalovuja. Hakuwa na wasiwasi na ndizi. Alikuwa anauona uso wa mama wa Kusi ukichungulia ndani ya bakuli, ukikuta muhogo mtupu, kisha ukinyanyuka taratibu na kumtazama yeye.

*

Nana Frema hakukataa. Alifanya kibaya zaidi: aliitisha kikao.

Alhamisi alasiri wapangaji walikaa uani, kila mtu na kigoda chake. Nana alikalia kiti pekee chenye mgongo. Pokuaa alikuja na watoto wake watano na kuwapanga mstari kwa urefu, kama ushahidi. Antobam, kijana mtengeneza simu aliyepanga chumba cha getini, alikuja mwisho, akakaa karibu na mlango wake ili aweze kuondoka.

"Mimi nina ardhi," Nana alianza. "Hilo halina kikao. Tunazungumza maji. Kila mmoja aseme anaoga ndoo ngapi kwa siku. Na Mungu anasikia."

"Watoto watano, mara mbili," alisema Pokuaa. "Kumi. Na mimi mara mbili. Kumi na mbili. Na Jumapili naoga mara tatu kwa sababu ya kanisa."

"Wale wawili wadogo unawaogesha kwenye ndoo moja," alisema Mzee Dwomoh.

"Umekuwa ukiwahesabia watoto wangu maji? Kazi si umeshastaafu, Mzee?"

Watu wakacheka. Nana akagonga mkongojo wake chini. "Antobam."

"Mimi... ndoo moja."

"Kwa siku au kwa wiki?" Pokuaa alidakia.

"Kwa siku! Mara nyingine naoga kazini."

"Kazini kwako ni mwavuli na meza, kando ya barabara. Unaoga wapi, ndani ya chaja?"

Antobam aliinamisha kichwa akaanza kuchunguza ndara zake. Mzee Dwomoh alimhurumia, lakini si sana, maana kila ndoo iliyopungua kwa Antobam ilikuwa faida kwake. Alijua zamu yake inakuja. Alisimama kabisa, akakunjua mabega, akazungumza kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia zamani kwenye mageti ya watu.

"Ndoo moja asubuhi, ndoo moja jioni. Pamoja na mke wangu na binti yangu, sita kwa siku. Zidisha kwa miezi kumi na minne."

Ingeishia hapo. Lakini Nana Frema alikuwa amekaa na watu miaka sabini na tatu, na hakumtazama Mzee; alimgeukia Afrakoma.

"Mama Birago, wewe ni shemasi. Ni kweli?"

Afrakoma aliangalia mikono yake. Akamwangalia mumewe. Mumewe alimpa ishara ndogo ya nyusi, ishara ya ndoa ya miaka thelathini. Akaangalia tena mikono yake.

"Nusu ndoo," alisema.

"Asubuhi na jioni?"

"Asubuhi." Akavuta khanga yake begani. "Na wakati wa harmatani, upepo ulipokuwa mkavu ule, alikuwa anajifuta tu kwa kitambaa cha maji. Desemba yote. Na Januari."

Hata watoto wa Pokuaa walicheka, yule mdogo akiwa hajui anacheka nini. Antobam aliinua kichwa chake kwa mara ya kwanza, uso umemng'aa kama mtu aliyepata ndugu.

"Maji ni ghali!" Mzee Dwomoh alifoka. "Ninyi hamjui! Mimi nimeona mita zinavyozunguka!"

Nana alikata shauri. Chana tisa: tatu zake kwa ardhi, tatu za Pokuaa kwa maji, moja ya Antobam, na mbili za Mzee Dwomoh kwa ule mche wake na nusu ndoo yake. Na mkungu usikatwe kabla ya Jumapili, watu wakishatoka kanisani, kila mtu ashuhudie.

Angeweza kusema. Neno moja tu, "Nana, Jumamosi nina wageni wa Birago," na mwanamke yule, pamoja na ukali wake, angekifungua kile kitambaa chekundu mwenyewe. Lakini Mzee Dwomoh alikuwa amekwisha kuvuliwa nguo mbele ya vigoda sita, na hakuwa tayari kusimama hapo hapo aombe. Alichukua kigoda chake akaingia ndani.

*

Ijumaa asubuhi hakuusalimu mgomba. Alikwenda nyuma ya bafu, akautazama kwa hasira, akaona gongo lake limeushikilia mkungu wa watu kwa uaminifu mkubwa.

"Ardhi ya Nana," aliuambia. "Maji ya Pokuaa. Gongo la nani?"

Akaling'oa. Mgomba ulishuka kidogo, ukaguna kama mtu anayekaa, ukatulia. Mzee alilibeba gongo lile hadi chumbani, akalisukuma chini ya kitanda.

"La nini hilo?" aliuliza Afrakoma.

"Limepumzika."

Afrakoma hakuendelea, maana alikuwa hamwongeleshi vizuri tangu jana, kwa aibu ya kile alichokisema. Naye Mzee hakuwa anamwongelesha kwa sababu ile ile. Mke alitoka akaenda sokoni, akarudi na jogoo mmoja, muhogo mwingi, na ndizi mzuzu tatu tu, zimelala chini ya kapu kama vitu vilivyoibwa.

*

Jumamosi saa nne kasoro upepo ulianza, upepo ule wa mvua za kwanza unaotangulia kuja peke yake na vumbi. Nguo zilichomoka kwenye kamba. Supu ilikuwa jikoni, Birago amevaa gauni lake la kitambaa kipya, Mzee Dwomoh amejifunga shuka zuri la sherehe, kente ya kuazima. Nana Frema, ambaye hatimaye Afrakoma alikuwa amemnong'oneza habari za wageni asubuhi ile ile, alikasirika kwanza kwa kufichwa, kisha akaenda bafuni haraka ili naye akae na wageni akiwa mtu.

Getini pakagongwa. "Hodi! Hodi wenye nyumba!"

"Karibuni!" akaitikia Mzee.

Waliingia wanne: mjomba Nimako mbele, mtu mpana mwenye mikono kama majembe, mama wa Kusi na dada yake nyuma, na Kusi mwenyewe akiwa ameshikilia chupa kwa mikono miwili kama anabeba mtoto mchanga. Mjomba Nimako alisimama katikati ya uwanja, akasafisha koo, akaanza maneno yake bila hata kuketi, kama mtu aliyeyafanyia mazoezi njia nzima.

"Wenye nyumba, sisi tulikuwa wapita njia. Tukapita hapa, tukaona ndani ya ua huu kuna ua. Ua zuri, ua la pekee—"

Upepo ukavuma. Nyuma ya nyumba kitu kikalia *kraa*, kirefu, kama kitambaa kizito kinachochanwa. Yakafuata mabati, mfululizo, kwa kishindo kilichowafanya kuku wote wa mtaa waruke. Kisha sauti ya Nana Frema:

"Nimekufa! Naona giza!"

Watu walikimbia. Bafu halikuwepo tena. Mgomba ulikuwa umelala juu ya mabati matatu, na kona iliyobaki Nana alikuwa amesimama akilikumbatia bati la nne mbele ya kifua chake, macho yamefumbwa kwa sabuni. Juu kidogo ya kichwa chake, ukining'inia kwa nyuzi chache za mgomba uliovunjika, mkungu wa chana tisa ulikuwa unayumba.

"Nana, usitikisike!" alipiga kelele Afrakoma.

"Niko uchi, Afrakoma! Nitatikisikaje?"

Mzee Dwomoh aliganda mahali aliposimama. Adabu ilimwambia ageuke. Kila kitu kingine kilimwambia kwamba gongo liko chini ya kitanda chake. Aligeuka nusu, akabaki hivyo, akitazama ukuta kwa jicho moja na mkungu kwa jingine.

Aliyesogea alikuwa mjomba Nimako. Alijifungua shuka lake la sherehe, jipya, lenye nyuzi za dhahabu, akamrushia Afrakoma, mwenyewe akabaki na kaptula na fulana. "Mfunikeni mama. Panga!" Pokuaa alimpa panga la kuni. "Kijana, weka chupa chini, shika mkungu kwa chini. Na wewe mwenye ndara, shika upande ule. Mkiusikia mzito, msiuachie."

Kusi na Antobam waliingia kwenye matope ya sabuni hadi magotini. Birago, na gauni lake jipya, alikuwa ameshatangulia, akamshika Nana kiunoni. Mjomba aliupima mkungu kwa macho, akakata mara moja tu. Ulianguka mikononi mwa vijana, wakaketi nao kwenye tope wote wawili, wameukumbatia, utomvu ukiwachirizika kwenye mashati. Nana aliongozwa nje akiwa amefungwa dhahabu kutoka kichwani hadi miguuni, akitoa amri.

"Mkungu umekomaa," mjomba Nimako alisema, akibonyeza dole moja. "Mzuri sana. Nani ameutunza?"

Hakuna aliyedai. Siku ile ya kikao walikuwa wengi, leo kila mtu alimwangalia Mzee Dwomoh.

Mjomba alizunguka shina, akainama. Akaliona tundu dogo ardhini, la duara, lenye kingo bado mbichi. Akatia vidole viwili ndani yake. "Hapa palikuwa na gongo," alisema. "Limeng'olewa. Si zamani, jana au juzi. Nani kafanya hivi?"

Pokuaa aliwaangalia watoto wake. Afrakoma aliangalia mbingu. Mzee Dwomoh alihisi masikio yake yakiwaka. Aliwaza upepo. Aliwaza mbuzi. Kisha akamwona Nana Frema, mtu mzima, ndani ya shuka la mgeni, sabuni ikimchirizika kwenye nyusi, goti limechubuka.

"Mimi," alisema. "Waligawana mkungu, nikachukua gongo langu. Liko chini ya kitanda. Nisamehe, Nana. Ningekuua kwa ajili ya chana saba."

Mama wa Kusi alimtazama dada yake. Birago alifumba macho. Alikuwa anaiona chupa ile ikirudi Goaso.

Mjomba Nimako alisimama polepole, akajipangusa vidole. "Nilikuja hapa," alisema, "nikidhani naja kukutana na mtu wa ofisini. Kalamu, makaratasi. Kaka yangu na mimi hatukuongea miaka minne kwa ajili ya mstari wa migomba sita." Akamwekea Mzee mkono wenye tope begani, juu ya kente ya kuazima. "Mtu anayekasirika hivi kwa ajili ya mgomba, huyo mimi namwelewa."

Aliyecheka kwanza alikuwa Nana Frema. Alicheka hadi wakambebea kiti chenye mgongo. "Menyeni!" akaamuru. "Zote tisa! Mtanipa chana zangu tatu zikiwa ndani ya bakuli!"

Hawakumenya zote. Pokuaa alionekana akiingia chumbani kwake na kitu kikubwa chini ya khanga, na alipoulizwa akasema ni mtoto. Lakini nyingine ziliingia sufuriani pamoja na muhogo, Antobam na Kusi wakashika michi, mama wa Kusi akavua viatu na kukaa kinuni kugeuza fufu mwenyewe, maana alisema hawa wa mjini wangetwangwa vidole. Afrakoma aligawa supu. Alipofika kwa mumewe alimwongezea kipande cha paja, naye akakipokea kwa mikono miwili, yakaisha.

Walipokwisha kunawa, mjomba Nimako, bado na kaptula yake, alikumbuka alichokijia. Chupa ilifutwa tope ikawekwa mezani. Hakurudia maneno ya ua. Alisema tu, "Ni kijana huyu, na ni binti yule. Mmetuona."

Mzee Dwomoh alimwita binti yake mbele ya watu wote. Birago alikuja na gauni lililokuwa la kijani asubuhi. Nywele zimemlalia upande mmoja, shavuni ana alama ya utomvu ambayo haitatoka kwa sabuni ya aina yoyote.

"Birago, mwanangu," alisema Mzee, kwa sauti iliyomsaliti kidogo. "Watu hawa wameleta chupa. Tuipokee?"

Birago alimgeukia Kusi, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa benchi, matope yakimkaukia miguuni.

"Umetuona sote?"

"Nimewaona."

"Hata Baba?"

"Hata Baba."

"Birago, nakuuliza mara ya pili," alisema Mzee Dwomoh, maana mila inataka mara tatu. "Tuipokee?"

Birago alitazama mabati yaliyolala, Nana aliyekuwa akisinzia ndani ya dhahabu ya watu, Pokuaa aliyekuwa akikwangua sufuria lisilo lake. Nje ya ukuta upepo ulianza kusukuma vumbi tena.

"Mara ya tatu, mwanangu, ndiyo ya mwisho. Tuipokee?"

"Ipokee, Baba," alisema Birago. "Tena upesi, kabla hakijaanguka kitu kingine."